Mate ya Ciarunji

Nilipokuwa mtoto kule Kibugu, upande wa juu wa Embu, tumbo liliniuma karibu kila asubuhi kabla ya shule. Maumivu yalianzia kitovuni, yakajikunja kama nguo inayokamuliwa. Kwenye dispensari walinipima choo na damu, wakanipa dawa ya minyoo, kisha wakasema hawaoni kitu. Baba alidhani naogopa shule. Cucu, nyanya yangu mzaa baba, aliwaza jambo jingine.

"Huyu mtoto ametazamwa," alisema.

Kwetu iliaminika kwamba kuna watu wenye jicho. Wakimsifu mtoto anapokula, chakula kinamgeukia tumboni, na hakuna wa kumponya ila mwenye jicho mwenyewe, kwa kumtemea mate. Cucu akakumbuka kuwa Ciarunji alipita kwetu nikila githeri, akasema nakula vizuri. Ciarunji alikuwa jirani yetu, mjane aliyeolewa kutoka Mbeere, kule chini kwenye joto. Watu wa kwetu waliamini kwamba huko kila boma lina jicho. Akaitwa.

Alisimama mlangoni, kikapu cha majani chai bado kiko mgongoni.

"Mama, mimi sina jicho," alimwambia Cucu. "Lakini mtoto akiwa anaumwa, siwezi kukataa kuja."

Akanitemea mate kidogo tumboni, kama alivyoamriwa. Hapo angeweza kwenda zake, maana kazi aliyoitiwa ilikuwa imekwisha. Badala yake aliketi kando yangu kitandani, akaweka kiganja juu ya kitovu changu.

"Funga macho," aliniambia. "Unasikia joto la mkono wangu? Hilo ni jua la kwetu. Linaingia pole pole. Mbuzi wamelala kivulini, hakuna anayekimbia. Tumbo nalo limechoka, linataka kulala. Liache lilale."

Sauti yake ilikuwa ya chini, haina haraka. Nikawaona wale mbuzi. Nikaona udongo mwekundu ambao sikuwa nimewahi kuukanyaga. Nilipofungua macho, maumivu yalikuwa yamekwisha.

Ningependa kusema kwamba tulimshukuru. Cucu alimpa chai, lakini alipoondoka tu, akatugeukia. "Mmeona? Aliyefunga ndiye amefungua." Kila nilipoumwa Ciarunji aliitwa, na kila nilipopata nafuu, watu walizidi kuwa na hakika juu yake.

Kisha mtoto mchanga wa majirani akaharisha, akafa. Jumapili iliyotangulia, Ciarunji alikuwa amembeba kanisani. Watu walimwendea mchana kweupe, wakafyeka migomba yake, wakamwambia arudi kwao. Baba hakwenda nao, lakini pia hakuwazuia. Nilimwona Ciarunji akipita barabarani na godoro kichwani, peke yake. Nilitaka kumkimbilia. Cucu alinishika mkono kwa nguvu.

"Usimwangalie," alisema.

Tumbo liliendelea kuniuma mpaka nikamaliza shule ya msingi, na jina lake halikutajwa tena nyumbani.

Sasa nakaa mtaa wa Dallas, Embu mjini. Mwaka jana binti yangu Wanja alianza kuumwa vile vile. Vipimo vyote vilikuwa sawa, daktari akatuelekeza kwa mwanasaikolojia anayetibu watoto kwa hipnosisi, yaani kuutuliza mwili kwa sauti na mawazo. Alipotueleza kazi yake, nadhani mwanasaikolojia huyo aliona uso wangu umebadilika.

"Si uchawi, Mama Wanja," alisema. "Maumivu yake ni ya kweli. Tumbo na ubongo huongea, na wakati mwingine huzoea kupigiana kelele. Nitamfundisha kuzituliza. Si kila mtoto husaidika, lakini tujaribu."

Akamwambia Wanja afunge macho, aweke mkono tumboni, awaze mahali penye joto. Sikuweza kukaa. Nilitoka nje nikalia kwenye korido, na mama mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake akanipa pole, akidhani nimepewa habari mbaya.

Wanja anaendelea vyema. Likizo ya Agosti nilishuka Mbeere, nikaulizia mpaka nikampata kaka yake Ciarunji, mzee mkimya sana. Aliniambia dada yake alifariki zamani. Nilipomweleza nimetoka wapi, aliuliza:

"Wewe ndiye yule wa tumbo?"

"Ni mimi."

"Alikuwa akiuliza kila mtu aliyetoka huko juu kama ulipona. Hakuna aliyejua."

Nikamwambia nilipona. Sikuwa na kingine cha kumpa.

Nimejiuliza mara nyingi kama Ciarunji alijua anafanya nini. Sidhani. Yule mtaalamu wa mjini amesomea kazi yake, ina jina, na tunamshukuru. Kwa lile la Ciarunji, jina tulilokuwa nalo ni moja tu, jicho, tukampa hilo. Nadhani alikuwa mtu asiyeweza kumwona mtoto akilia halafu ainuke aende zake. Hilo tu ndilo lililomponza.