Kikopo cha Wilaya ya Mwisho

Siku za kazi fundi cherehani hana makuu. Mwisho wa juma ndipo kichaa kinapompanda. Hushika simu akaenda kutafuta vikopo ambavyo watu wasiojuana hufichiana kwa mchezo, wakiacha alama tu kwenye ramani. Ukikipata unaandika jina kwenye karatasi iliyo ndani, unakirudisha palepale. Alijiapiza kupata kimoja katika kila wilaya. Macho hayatumii sana. Hupapasa chini ya mabenchi na nyuma ya mabomba kama anayetafuta sindano kwenye pindo, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, huku akinong'ona, "Toka, mwanangu, toka." Mkewe hubeba chupa ya chai na kulalamikia viatu vinavyombana.

Leo, katika wilaya ya mwisho, mkewe alikiona kikopo mapema, kwenye ufa wa ukuta wa stesheni. Aliona pia vidole vya mumewe vikikigusa, vikasita, vikapita. Fundi akauzunguka ukuta mzima, akarudi, akaanza tena.

"Baba watoto, si umeshakigusa?"

"Nimekigusa," alijibu bila kugeuka. "Nimiminie chai, mke wangu. Niache nikitafute kidogo."