Mpira wa Hewa: Kutoka Eldoret Hadi Sio Port kwa Gari Langu

Nabwire alinipigia simu kuniambia nyumba yake ya Sio Port imekwisha kujengwa, na kwamba hataki mgeni mwingine aingie kabla yangu. Tulifundisha shule moja miaka kumi na tisa, ningekataaje? Shida ilikuwa mwanangu Barasa. Mwaka jana betri ilinifia mjini Turbo akaja kunivuta, na tangu hapo anaona miaka yangu sitini na saba haifai barabara. "Sawa, mama, enda," akasema. "Lakini ukinipigia simu nije kukuvuta tena, hiyo gari tunauza." Nikakubali kwa kiburi tu. Bila gari hilo mimi ni mtu wa kukaa kibarazani kungoja kubebwa.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikaondoka Eldoret. Turbo nikaipita bila kugeuza shingo. Webuye, Bungoma, gari linateleza vizuri, nami naimba nyimbo za kanisani peke yangu. Karibu na Bungoma ikawaka ile taa ya manjano yenye picha ya injini. Nikaiambia, "Wewe, hebu nyamaza," nikaendelea.

Malaba nilifika saa nne. Nilijaza petroli katika kituo kimoja, na kutoka tu nikakuta malori ya kuvuka kwenda Uganda yamejipanga hata mwisho wake siuoni. Tukasimama. Hapo gari likaanza kutetemeka, usukani ukinitikisa mikono, kisha likazima. Nikaliwasha, likakohoa, likazima tena. Dereva wa lori nyuma yangu akapiga honi. "Mama, toa hiyo kitu!" Jamani, nilitaka kulia. Simu ilikuwa kwenye kiti, nikaigeuza uso chini nisiione.

Niligundua kwamba nikikanyaga mafuta halizimi, basi nikaligeuza likinguruma hadi kituoni. Dada aliyenijazia alikuwa bado pale kwenye pampu.

"Umeniwekea maji kwenye tangi!" nikamfokea.

"Mama, asubuhi yote nimeuzia watu mafuta hiyo hiyo. Hakuna amelalamika."

"Mimi ndiye nalalamika!"

Hasira zangu ziko karibu, na sauti ya darasani haijaniisha. Watu wakajaa. Nikamwita mwizi mbele yao, nikaondoka kuelekea Busia. Njia ya Adungosi hadi Alupe ina mahindi pande zote mbili, lakini siku hiyo sikuona hata hindi moja.

Saa sita nikaingia Busia. Nabwire alikuwa akiningoja mjini.

"Mwalimu, umekonda ama ni hasira?"

"Ni mafuta ya Malaba."

"Ala! Wamekuwekea ile ya mitungi kutoka ng'ambo!"

Busia ndivyo walivyo: gari likikohoa, kosa ni mafuta ya ng'ambo, na Waganda nao nasikia husema ni ya kwetu. Akanipeleka kwa Mzee Idi, aliyeendesha malori ya Kampala miaka mingi na sasa ana gereji nyuma ya maduka.

"Mwaga tangi lote," nikamwamuru.

"Polepole, mama. Ukikimbia barabarani, inasumbua?"

"Hapana."

"Na ukisimama?"

"Inatetemeka utadhani ina malaria."

"Basi usimwage. Mafuta ikiwa chafu, ingekusumbua hata ukikimbia." Akachomeka kimashine chini ya usukani, akasoma. "Inasema hewa imezidi, petroli imepungua."

"Si ni mambo ya mafuta hayo hayo!" Nabwire akaruka.

Mzee Idi akamgeukia. "Dada, ukishapima maji ya chapati, halafu mtu akuongezee unga bila wewe kujua, itakuwaje?"

"Utakauka."

"Ehe. Injini inapima hewa kwa mlango wa mbele, inatoa petroli ya kutosha hiyo hewa. Hapa kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, haijapimwa. Ukikimbia, hewa ya kawaida ni nyingi, hiyo kidogo haisumbui. Ukisimama, inasumbua."

Akaliacha gari likitetemeka, akachukua chupa ya maji ya sabuni ya kupuliza, akaanza kunyunyizia mipira ya hewa, ile mirija ya kupitishia hewa ya injini, mmoja mmoja. Wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili, hakuna kitu. Wa tatu, maji yakaziba ufa, injini ikatulia kwa muda wa kumeza mate, ikarudia kutetemeka. Akaingiza mkono nyuma kabisa, akavuta mpira uliopasuka, tepu nyeusi ikining'inia.

"Nani amefunga hii?"

Uso ulinichoma. Siku moja kabla ya safari nilibadilisha chujio la hewa mwenyewe, ili Barasa asipate la kusema. Nikavuta boksi lake kwa nguvu, mpira ukapasuka. Nikauviringishia tepu ya umeme, nikafunga boneti, nikanyamaza.

"Ni mimi," nikasema.

Nabwire alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee Idi hakucheka. "Tepu ikishika joto inaachia," akasema, akaenda dukani kuleta mpira mpya na klipu mbili. Nusu saa baadaye injini ilikuwa imetulia kabisa. Nilifurahi, lakini kila nikifurahi namkumbuka yule dada wa Malaba.

Jioni tukafika Sio Port. Nyumba ni ya vyumba vitatu na bado inanuka rangi, na nje majirani walikuwa wanaanua omena, wale dagaa wa ziwani. Nilikaa siku mbili, nikala samaki mpaka nikaona haya.

Kurudi, Nabwire alinishauri nipitie Bumala, nikwepe Malaba. Nikapitia Malaba. Nikashuka pale pale kituoni, nikamwomba yule dada msamaha kwa sauti ile ile niliyomtukania, wateja wakisikia.

"Kwani ilikuwa nini?" akauliza.

"Mpira wa hewa. Niliuharibu mimi."

Akaniangalia, akacheka. "Sasa nijaze?"

"Jaza."

Tangu siku hiyo, gari likitulia mbioni na kutetemeka likisimama, natafuta hewa kabla ya kutafuta mwizi.

Eldoret, saa kumi jioni, Barasa alikuwa langoni. Nikamweleza yote, tepu pia.

"Kwa hivyo uliiharibu wewe mwenyewe."

"Mimi. Lakini sikukupigia simu."

Akalizunguka gari langu, akasikiliza injini, akakuna kichwa. Kisha akaangalia gari lake lililokuwa uani.

"Mama," akasema polepole, "hata hii yangu nikisimama inatetemeka kidogo. Hebu kuja usikilize."

Nikaweka kikapu chini, nikamwambia aliwashe.