Bibi Hagusiki Kabla ya Kuambiwa

Saa tatu asubuhi, Bibi ameshaogeshwa na kubadilishiwa shuka, na macho yake yako mlangoni. Anawasubiri wanafunzi. Upande wake wa kushoto haufanyi kazi tangu alipopata kiharusi, ila ulimi, kwa maneno yake mwenyewe, Mungu aliusahau kusudi.

Wanafunzi sita wanavua viatu, wananawa mikono kwenye beseni na kumwamkia mmoja mmoja. Wa kwanza leo ni fundi cherehani, baba mwenye mabega mapana anayetaka kwenda ng'ambo kutunza wazee. Mtihani wake ni wiki ijayo. Anakikaribia kitanda, anakohoa kidogo, anasema, "I move." Kisha ananyoosha mikono.

Bibi hasogei. Anajilegeza mpaka anakuwa mzito kama gunia la mchanga, anaangalia dari. Kiingereza hajakisoma hata siku moja, lakini amehamishwa kwa lugha hiyo mara nyingi mno hata sentensi pungufu anaitambua, kama mpishi anavyotambua mboga isiyo na chumvi.

"Unamhamisha nani, na unampeleka wapi?" anauliza mwalimu, aliyesimama dirishani.

Fundi anavuta pumzi. "I will move you to the chair." Hapo Bibi anaukubali mwaliko, anauweka mkono wake mzima begani kwa fundi, na safari ya kwenda kwenye kiti inaanza taratibu.

Mwalimu mwenyewe mtaa mzima unamwita Sista, ingawa hakuwahi kuwa muuguzi. Alikuwa mhudumu wa wodi, wa kusukuma vitanda na kugeuza wagonjwa, na Kiingereza chake alikiokota humo humo, kwa kufanya kazi na wauguzi wageni. Cheti cha ualimu hana na wala hafichi. Bibi ni mama mkwe wake. Sista aliolewa na kitindamimba wa Bibi, mume akafariki, na kabla machozi hayajakauka kiharusi nacho kikabisha hodi. Sista akaacha wodi, akabaki nyumbani na mgonjwa.

Wanafunzi walianza kuja kwa sababu mawakala wa kazi za ng'ambo hawapimi watu kwa karatasi tu. Mtu husimamishwa kando ya kitanda, akatakiwa kumhudumia mgonjwa huku akimweleza kila anachofanya. Hapo wengi huanguka. Kitenzi wanacho, lakini anayetendewa wanamsahau, na mahali anapopelekwa hawapataji.

"Sisi tumezoea kula sinia moja," anasema Sista. "Nikisema 'nitakuhamishia kitini', kwenye neno la kwanza tu mimi nimo, wewe umo, na kazi imo. Kiingereza kinamwekea kila mtu sahani yake. Sasa watu wakifika pale, wanasahau kumpakulia mgonjwa."

Ndiyo maana chumba hiki kina sheria moja: hakuna mkono unaomgusa Bibi kabla sentensi haijakamilika na Bibi hajaitikia. Sheria hiyo aliitunga Bibi. Alipolazwa alikuwa akiinuliwa kama mzigo, watu wakipiga soga zao juu ya kichwa chake, naye hajui kama anapelekwa bafuni au anageuzwa tu. Anasema alikuwa akishtuka kutwa nzima, na mshtuko ulimchosha kuliko ugonjwa.

Ada ya wanafunzi inalipa kodi, dawa za presha na nepi, na hapo imekwisha. Lakini ndiyo inayomwezesha Sista kukaa nyumbani. Darasa likifungwa, yeye atarudi wodini, na Bibi atahamia kwa mwanawe wa kwanza, mfanyabiashara wa mbao anayeishi mbali.

Mwezi uliopita nusura iwe hivyo. Mwana huyo alisikia maneno ya watu kwamba mama yake anakodishwa, wageni wanamfanyia mazoezi. Akafika katikati ya somo, gari akaliacha linanguruma nje. Hakupaza sauti. Alimwambia shemeji yake kwamba mama yake si mwanasesere, kwamba ndoa iliyomleta Sista katika ukoo ilishazikwa, na kwamba amekuja kumchukua mzazi wake.

Sista alijaribu kujikaza kisabuni, akashindwa. "Hilo la kaburi lilikuwa kweli," anasimulia. "Mtu akiniuliza mimi ni nani wa Bibi, mume hayupo, mtoto sikujaliwa. Nitaonyesha nini? Na mimi mama mwingine sina."

Yule bwana akainama, akamshika mama yake makwapani kama anavyoshika mbao tangu ujana wake. Mkono uliopooza ukabanwa chini ya mwili. Bibi akalia kwa maumivu. Wanafunzi wote wakapiga hatua moja mbele, kisha wakasimama, kwa kuwa hakuna kati yao aliyekuwa amemwambia Bibi neno, na sheria ni sheria.

Bibi akamtazama mwanawe. "Hawa hata kwao sikujui," alimwambia, "lakini hakuna aliyenigusa bila kuniambia. Wewe nimekuzaa, na hukuniuliza."

Mwana akamwachia taratibu, akaketi pembeni ya kitanda, na mtu mzima yule akatokwa na machozi mbele ya watu. Alidhani anamwokoa mama yake. Bibi akamweleza kwamba yeye hakukodishwa, ameajiriwa, na kwamba tangu augue hii ndiyo kazi ya kwanza mtu kumwona anaiweza. Mshahara wake ni peremende, anazozidai kila mwisho wa wiki bila aibu.

Gari likaondoka bila abiria. Makubaliano yakawa kwamba Bibi abaki, na mwanawe awe anakuja kila Jumapili. Jumapili ya kwanza alisimama kando ya kitanda. "Mama, nataka nikuinue, nikukalishe pale mlangoni upate upepo," alisema. "Nikuinue?" akauliza. Bibi alimsubirisha kidogo, akaitafuna peremende yake taratibu, ndipo akampa mkono.

Sasa Sista anatafuta kitanda cha pili na mgonjwa wa kukilalia, ili apokee wanafunzi zaidi na Bibi apate siku za kupumzika, maana umri nao umekwenda. Bibi hataki kusikia. Anasema kitanda cha pili kitaleta mgonjwa mvivu.

Sista anacheka, kisha anakunja shuka iliyokaushwa.

"Hawa wanafunzi wote wataondoka, na ndivyo inavyotakiwa," anasema. "Mimi naomba kitu kimoja. Siku yangu ikifika, atakayekuja kunishika, awe yeyote yule, aniambie kwanza ananipeleka wapi."