Kisasi Changu kwa Chacha

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa karibuni tu. Ng'ombe wa jirani yangu Chacha wakala mistari miwili ya mahindi yangu, naye hata pole hakuniambia. Kwangu mimi, kisasi ni kumrudishia mtu kipimo kilekile. Alfajiri, katika ukungu, nikaingiza ng'ombe wangu shambani kwake, nikarudi kunywa uji huku nikipiga mluzi.

Bahati mbaya mashamba mapya yalipimwa kwa kamba, yote yakafanana.

Jua lilipopanda, Chacha akabisha hodi, ng'ombe wangu nyuma yake, matumbo yamejaa.

“Pole, ndugu. Nimewatoa hawa kwenye mahindi yako mwenyewe. Na wale wangu juzi, nisamehe, niliona aibu kuja.”

Mke wangu akauliza taratibu, “Kumbe ule mluzi ulikuwa wa nini?”