Mama Aline na Fuso ya Angani

Nabeti mashine yangu ya kunyolea, ile mpya, kwamba hakuna hata mmoja wenu atakayeamini hii. Akitokea wa kuamini namnyoa bure mpaka kichwa kiombe likizo.

Kwanza mnijue. Mi ndo Lyamba, kinyozi wa Kashaulili, Mkonongo safi, rubani wa kivita namba moja Mkoa wa Katavi. Shule niliacha darasa la sita, ilikuwa inanichelewesha. Ndege ya kweli sijapanda, lakini za kwenye kompyuta nimeangusha nyingi kuliko kunguru wa sokoni. Pembeni ya saluni yangu kuna steshenari ya Edgar. Kompyuta ziko mbili. Wateja wakiwepo zinatoa kopi za vyeti, wateja wakiisha zinakuwa uwanja wa vita. Unaingia mtandaoni, unachagua ndege za zile vita za zamani za wazungu, zenye panga boi, ile feni ya kuzunguka, mbele, unakutana angani na mtu wa huko mbali usiyemjua hata sura, mnatandikana risasi.

Sasa kwenye kibaraza cha Edgar anakaa fundi cherehani anaitwa Venerande. Jina lenyewe inabidi upumzike katikati, kwa hiyo sisi tunamuita Mama Aline. Ni mtu wa Katumba, wazazi wake walitoka Burundi, na nusu ya watoto wa Kawajense wanaenda shule na sare alizoshona yeye. Herufi L hana habari nayo. Kwake mimi ni Ryamba.

Huyo mama alianza hivi. Melkiadi, ambaye ndo alikuwa mwenzangu wa vitani, aliinuka kwenda kula ugali vita inaendelea. Ndo akili zake. Mama Aline akaingia kuazima mkasi, akakuta kiti kitupu, akakaa.

"Ryamba, hii inapandaje?"

"Vuta hicho kishikio kije kwako, Mama. Taratibu! Siyo kamba ya ng'ombe!"

Nikacheka weee. Nikajua akianguka mara mbili atarudi kwenye vifungo vyake. Hakurudi. Akawa anawahi asubuhi kabla Edgar hajapata wateja, anajifunza peke yake. Na ukimuangalia chini ya meza unakufa mbavu, maana miguu yake inakanyaga hewa muda wote, kaka, kama cherehani iko pale. Ndege ikipungua kasi, miguu nayo inaongeza kasi. Nikamwambia atatoboa sakafu ya bosi Edgar.

Kichekesho kikubwa ilikuwa ndege aliyochagua. Watu wenye akili, yaani mimi, tunachukua Spitfaya. Nyembamba, nyepesi, inakata kona kama bodaboda kamuona trafiki. Mama Aline akachagua moja ya Wamarekani inaitwa Thandaboti. Nene! Tumbo kama mjumbe aliyetoka harusi mbili. Tukaibatiza Fuso.

"Mama Aline, hiyo ndege au umekodi gari la mahindi?"

"Ina bunduki nane, mwanangu. Yako ina ngapi?"

"Lakini haikati kona!"

"Nani kakwambia nataka kona? Kona nakata kwenye makwapa ya magauni, zimenitosha."

Na kweli kona hakati. Anapanda juu, juu kabisa, anatulia kule kama mwewe anayeangalia vifaranga vya jirani. Akiona mtu chini anamporomokea, anapiga mara moja tu, halafu haangalii kama kapata au kakosa. Anaondoka na kasi ileile mpaka juu tena. Hazunguki na mtu. Ukizunguka, spidi inaisha. Spidi ikiisha, Fuso inakuwa tofali. Mi nilimwambia huo ni uoga. Mwanaume anakaa kwenye kona mpaka kieleweke. Nilieleweka sana, nilikuwa nadunguliwa kila siku.

Basi watani zetu wa Sumbawanga wakatutumia ujumbe: wawili kwa wawili, Jumapili mchana, wa mwisho kubaki angani ndo mshindi. Melkiadi akavuta kiti. Mama Aline naye akakishika kwa nyuma.

"Hiki nakaa mimi," akasema.

"Mama, hii ni mechi ya watu wazima," Melkiadi akamjibu.

"Mimi nina wajukuu. Wewe una nini?"

Edgar, maana kompyuta ni zake na kelele anazisikia yeye, akaamua. "Mama Aline utakaa Jumapili hii. Ukimuangusha mwenzako, Lyamba akadunguliwa kwa kosa lako, kiti ni cha Melkiadi moja kwa moja, na wewe usiguse kompyuta tena. Mnanimalizia bando bure."

Mama akakubali, lakini niliona mikono yake inakunja kitambaa ambacho hakikuhitaji kukunjwa. Nikamuuliza kwa utani, gemu tu Mama, unahofia nini? Akaniambia, "Ryamba, kutwa nzima watu wananiambia punguza kiuno, ongeza pindo, mbona mkono mrefu. Nikiwa huko juu hakuna anayenipima." Nikarudi saluni bila utani. Kwa mimi, hiyo ni habari ya kutangazwa redioni.

Jumapili akaja moja kwa moja kutoka misa, na kitenge chake cha Wawata, wale akina mama wa Kikatoliki, akakaa. Watu wakajaa dirishani. Gervais, jamaa yake wa Katumba, alikuwa kaja kujaribu suruali, akabaki palepale, mguu mmoja umekunjwa na pini, mwingine unaburuza chini.

Mpango ulikuwa mimi nikae chini, yeye akae juu. Wale watani wakaja na Spitfaya zao mbili. Mmoja nikamwona anapita mbele yangu kwa dharau, nikamfuata. Nikamfukuza mbali, niko nyuma yake kabisa, nanusa moshi wake. Kumbe yule wa pili anazunguka kwa pembeni. Mama Aline kutoka juu akaona. Akapiga kelele chumba kizima kikatetemeka:

"Garuka, Ryamba! Garuka!"

Nikasikia geuka. Nikageuka. Kona kali, ya kifalme, mpaka ndege ikaishiwa spidi ikaning'inia kama shati kwenye kamba. Yule wa pili akanitandika kama mtu anayemwagia maua maji. Rubani namba moja wa Katavi nikaingia kwenye ziwa lililokuwa chini yetu, mkia juu.

Melkiadi akaanza kucheka na kusogea karibu na kiti.

Mama akabaki peke yake na wawili. Miguu chini ya meza inakanyaga. Yule aliyeniua alikuwa bado anazunguka juu ya moshi wangu, anajisifu. Fuso ikaporomoka, bunduki nane zikafunguka mara moja, jamaa akawa mabati. Aliyebaki akamfuata mama mkiani.

"Kata kona, Mama!" watu wa dirishani wakapiga kelele.

Hakukata. Akaendelea kushuka, kasi ikapanda, akakimbia moja kwa moja kama gari linalowahi treni, mpaka yule wa nyuma akabaki nukta. Jamaa akachoka kufukuza, akageuza kurudi. Mama akatumia ile kasi yote kupanda, kule mbali akageuza taratibu mara moja tu, akamrudia kutoka juu. Risasi moja ndefu. Sumbawanga hawana ndege tena.

Watu wakashangilia. Mimi nikasimama juu ya stuli.

"Mtulie! Kashinda, sawa, lakini kaniua. Kaniambia geuka, nikageuka, nikafa. Sharti lilikuwa nini, bosi?"

Edgar akakuna kichwa. "Ukimuangusha mwenzako, kiti ni cha Melkiadi."

"Sikusema geuka," Mama Aline akasema. Sauti ilishuka.

"Nimesikia kwa masikio yangu! Mi nimekua na Warundi, hamnidanganyi!"

Melkiadi tayari kashika mkono wa kiti. Mama akaanza kuinuka. Hapo Gervais akajikokota kutoka dirishani, pini zinamchoma.

"We Lyamba, kasema garuka. Garuka kwetu ni rudi. Kakwambia achana na huyo, rudi kwake juu akukinge. Ungerudi ungekuwa hai."

"Mbona hakusema rudi?"

"Urimi wa mama yangu ndo unawahi kutoka," Mama akasema. "Nimeogopa, kikatoka Kirundi. Ningekuogopea kwa Kiswahiri, ningecherewa."

Edgar akamtoa Melkiadi mkono kwenye kiti, kidole kimoja kimoja. "Kaa, Mama Aline. Kiti chako."

Akakaa. Akaniambia mwenzake ni mimi bado, nikitaka. Nimeshawaambia wateja wote saluni kwamba nilikuwa chambo, kwamba nilikufa kwa makusudi ili yeye apate nafasi, na wengine wamekubali maana wembe ulikuwa shingoni.

Ila alisema garuka. Nilisikia vibaya.