Kupitia kwa Mkuu wa Kituo

Mimi ni karani wa kamati ya raia inayopokea malalamiko dhidi ya polisi hapa Dodoma. Kabla ya hapo nilikuwa halmashauri, ambako hakuna barua ya mtumishi iliyokwenda juu bila kupitia kwa mkuu wake. Mnicheke mkiweza.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kutoka Chemba. Mwanawe alikamatwa hapa mjini, akapigwa mahabusu na mkuu wa kituo mwenyewe hadi mkono ukavunjika. Nilimwamkia, nikamkalisha, nikasoma barua aliyoandikiwa na jirani.

"Mama, hii haijafuata utaratibu," nikamwambia. Kwa kalamu yangu nikaongeza: kupitia kwa mkuu wa kituo. "Mpelekee agonge muhuri, kisha uilete."

Akanishukuru sana, akaenda.

Jana kamati ilikaa, mama naye akiwa ameitwa. Mwenyekiti akaisoma barua. Chini, juu ya muhuri, mkuu wa kituo alikuwa ameandika: "Nimemhoji. Hana tena malalamiko." Pembeni palikuwa na alama ya dole gumba la mama.

"Nani alimtuma huko?" mwenyekiti akauliza.

Mama akainuka taratibu, akanielekezea mkono. "Ni mwanangu huyu. Ndiye pekee aliyenisaidia."