Mgeni wa Korongoni

Cheka ukitaka, lakini haya tuliyaona kwa macho yetu, mimi na rafiki yangu Wafula, kuanzia hapa hapa Nakuru.

Baba yangu alikuwa mpishi wa wajenzi wa barabara huko ng'ambo ya Kerio. Akavunjika mguu, na hakukuwa na wa kumleta nyumbani. Fundi anayetuandika kazi akatuazima lori lake kuukuu, Bwana DC akatupa ruhusa ya kupita. Jioni tukawa tunapanga safari, nikichora njia kwa kidole kwenye vumbi la boneti: milima hii, korongo hili, jangwa lile. Niamini, niliiona akilini ile milima ya buluu, nikatabasamu peke yangu kama mtoto.

"Tutalala hapa korongoni," nikasema. "Mto umekauka, mchanga laini."

"Godoro la mzungu!" Wafula akacheka.

Sisi watu wa mashamba ya mahindi tungejuaje?

Mara kijana mrefu, mwenye koti la dereva, akawa amesimama kando yetu. Hatukumsikia akija. Akaweka kidole pale korongoni.

"Msilale hapo, hata mbingu ikiwa nyeupe. Mvua hunyesha mbali, huko milimani."

"Kwani wewe bwana ulishalala hapo?" Wafula akamtania.

"Bado nimelala," akajibu, kwa upole tu.

Tukatazamana. Tulipogeuka, hayupo. Pale alipogusa, vumbi lilikuwa tope. Tope la kutoka wapi, na kiangazi chote kile?

Tulienda. Mchanga wa korongoni ulikuwa mweupe, mzuri, kama unakuita. Wafula akaanza kutandika blanketi. Nikamvuta mkono, tukapandisha lori juu kwenye mawe. Kabla ya alfajiri maji yakaja yakinguruma, yamebeba miti mizima. Juu yetu, nyota tupu.

Baba tulimkuta hai. Wakati wa kurudi tukamlaza nyuma ya lori, juu ya majani makavu. Tulipokwisha kuvuka korongo, akagonga bodi.

"Mwanangu, simama! Mpeni huyu mwenzenu blanketi. Amelowa, anatetemeka."

Hakukuwa na mtu.

Ungefanya nini? Nilivua koti langu, nikaliweka pale alipoonyesha. Lilifika Nakuru likichuruzika maji.

Baba anatembea sasa. Kila mara huniuliza habari za yule kijana mpole aliyeongea naye njia nzima. Basi wewe ukienda huko, usiuamini mto mkavu. Lala juu kwenye mawe, yakuumize mbavu, upate kuamka.